Jina la Kujazia Nafasi

Oda ilikuwa ya vikombe arobaini, vikatoka arobaini na kimoja.

Mama Joto hakuhesabu karatasi kabla ya kuanza, na nani angehesabu? Kazi yake ilikuwa kuchukua karatasi iliyotoka kwenye printa, kuizungushia kikombe cheupe, kuibana kwa utepe, kukitia kikombe kwenye mashine ya joto na kusubiri ilie mara tatu. Kwenye karatasi jina huwa limegeuzwa nyuma mbele na rangi yake imefifia. Rangi hufunguka ndani ya joto tu. Kwa hiyo mtu anaweza kubandika majina mia asisome hata moja. Alipokitoa kikombe cha mwisho akakishika kwa glavu, akakigeuza kwenye mwanga, akaona jina la mwanamke. Akachukua orodha ya oda, walimu arobaini wa shule moja, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Jina lile halikuwamo.

Jina lenyewe silitaji. Mkifika mwisho mtajua sababu, na mwenye akili hataniuliza.

Mama Joto, hata hivyo, alilijua, tena alikuwa amelichukia kwa miezi minane. Na kwa kuwa chuki ya mke haizuki hewani, lazima turudi nyuma kidogo.

Yeye na mumewe walikuwa na duka la kuchapa majina na picha juu ya vitu: vikombe, fulana, mito, vishikio vya funguo, chochote ambacho mtu anataka kiwe chake na si cha mwenzake. Mumewe wateja walimwita Msanifu. Yeye walimwita Mama Joto kwa sababu ya mashine yake. Kwa miaka tisa kila jina lilipangwa kwa mkono. Mteja analeta majina kwenye daftari, Mama Joto anaketi kwenye kiti cha kushoto, anasoma, Msanifu anaandika kwenye kompyuta, anavuta herufi huku na huku mpaka jina likae. Majina mia mbili yaliwachukua siku mbili nzima. Walicheka majina ya watu, wakabishana rangi, wakanuniana, wakapatana kabla ya jina linalofuata. Ukitaka kujua ndoa yao ilikuwa wapi, haikuwa chumbani wala jikoni. Ilikuwa kwenye viti vile viwili.

Kisha Msanifu akajifunza kutengeneza kiolezo. Unachora mara moja tu, unaacha nafasi ya jina, unaipa programu orodha yako, nayo inajaza yenyewe, inapima herufi, inageuza, inapeleka kwa printa. Majina mia mbili yakawa kazi ya muda wa kunywa chai. Oda zikamiminika, kila mtu akawapongeza, na Msanifu kwa furaha yake akamwambia mkewe kwamba sasa apumzike, hana haja tena ya kukaa pale kumsomea. Alisema kwa nia njema kabisa, na wanaume wengi wameharibu mambo kwa nia njema. Mama Joto akahamia kwenye mashine ya joto moja kwa moja, amempa mumewe mgongo. Kiti cha kushoto kikabaki na mto wake juu yake.

Sasa, kiolezo hakichorwi bila jina. Lazima jina fulani lishike ile nafasi ili fundi aone linavyokaa. Mafundi wengine huandika tu "jina hapa" wakaendelea na kazi. Msanifu alikuwa na maringo ya ufundi. Alitaka jina lenye herufi inayopanda, lenye herufi inayoning'iniza mkia, lenye upana na lenye uduara, ili likikaa hilo vizuri mengine yote yakae. Alilibuni mwenyewe, herufi kwa herufi. Siku tatu alilihudumia, akilisogeza hapa, akilipunguza pale, ameinamisha kichwa na kutabasamu peke yake.

"Amekaa vizuri huyu," alisema siku ya tatu.

Mama Joto akauliza nani. Mumewe akacheka, akasema jina.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na usimcheke. Siku tatu mfululizo mume wake alikuwa ametazama kitu kimoja kwa jicho ambalo yeye hakuwahi kutazamwa nalo tangu harusi. Zaidi ya hayo, Msanifu akajiwekea desturi: kila asubuhi, kabla ya oda yoyote, alichapa kikombe kimoja chenye jina lile kupima kama rangi zimekaa sawa. Alikiita kikombe cha asubuhi, na chai yake alikunywa humo. Mama Joto aliuliza jina ni la nani. Akaambiwa si la mtu, ni la kujazia nafasi. Akalitafuta kwenye simu, hakulipata popote. Akamwuliza wifi yake, dada wa Msanifu, aliyekaa kaunta kupokea oda.

"Wifi, kweli unakionea wivu kikombe?" wifi alimjibu, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama Joto naye akacheka, shingo upande. Angekuwa mwanamke mwenye sura angemtazama, akamkuta ana meno mabaya, moyo ukatulia. Huyu alikuwa na herufi nzuri tu.

Basi siku ile ya walimu alikibeba kile kikombe cha arobaini na moja mpaka mezani kwa mumewe, akamwambia mwanamke wake kaingia kwenye oda ya watu. Msanifu akaeleza kwa subira kwamba programu ikikuta mstari mtupu kwenye orodha hujaza jina la kiolezo. Akafungua orodha kumwonyesha mstari mtupu. Hapakuwa na mstari mtupu. Akajikuna kichwa, akasema kompyuta nazo huwa na siku zake.

Wiki iliyofuata mke wa seremala aliingia dukani amekumbatia mto. Mumewe alikuwa ameuagiza kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yao, majina yao mawili ndani ya duara la maua. Jina la seremala lilikuwapo. Pembeni yake, kwa herufi zilizokaa vizuri mno, lilikuwapo lile jina. Mwanamke hakupandisha sauti. Aliuweka mto kaunta, akaomba aonyeshwe huyo mwenzake, kwa sababu yeye tangu juzi analala kwa dada yake na anataka kujua amempisha nani. Seremala mwenyewe alisimama nje kwenye ngazi, anaapa kwa kila kiapo anachokijua.

Msanifu alifungua orodha, ikawa sahihi. Akafungua picha kwenye skrini, ikawa sahihi. Akachakura pipa, akaitoa karatasi iliyotumika, na karatasi ndiyo iliyokuwa na jina lile. Wakawachapia mto mwingine bure na kuomba radhi. Lakini baada ya siku mbili ikawa zamu ya muuza nyama na kishikio chake cha funguo, kisha zamu ya fulana mbili za vijana waliokuwa hawajamaliza hata mwezi tangu waoane. Mama Joto ndiye aliyegundua, maana yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu. Vikombe vya mama wazazi vilitoka salama. Vya watoto, vya mabosi, vya timu za mpira, salama. Ukiacha kile kikombe cha arobaini na moja, jina lilichagua nafasi ya mke, hiyo tu, na kila lilipoichagua halikukosea.

Siku hizo hizo duka lilibadilika harufu. Duka la aina ile hunuka wino na karatasi iliyopata moto. Sasa likanuka nywele zilizopakwa mafuta na kupitishwa kitana cha moto, harufu ya mwanamke anayejiandaa kutoka. Ilianza upande wa meza ya Msanifu, ikafika kaunta. Wifi alifungua madirisha siku ya kwanza. Siku ya pili alimwuliza Mama Joto kwa kunong'ona kama ni yeye aliyetengeneza nywele. Siku ya tatu alitoa kiti chake nje kwenye ngazi, akawa anapokelea oda huko, na hakueleza sababu wala hakuulizwa.

Alasiri moja Msanifu alikwenda kupeleka mzigo na wifi alikuwa amekwisha kwenda zake. Mama Joto alibaki peke yake anafuta vikombe. Akasikia printa ikianza. Kichwa cha printa kikipita juu ya karatasi hutoa sauti ya mtu anayefagia polepole, na aliizoea sauti ile kiasi kwamba hakuinua macho. Kisha akakumbuka kwamba kompyuta ilikuwa imezimwa.

Akaenda kuitoa karatasi, ikafuatwa na nyingine, na kwa kuwa maandishi yalikuwa yamegeuzwa akaiinua mbele ya kioo ambacho wateja hujipimia fulana, ili asome, akalikuta jina lile lile, mstari baada ya mstari, toka juu ya karatasi mpaka chini, na alipokuwa bado anapitisha macho akasikia mtu akilisoma pamoja naye, nyuma yake, upande wa meza ya mumewe, kwa sauti ya taratibu inayoshuka kidogo mwishoni mwa kila jina ili anayeandika ajue kwamba limekwisha, na kabla hajajiuliza ni nani asomaye hivyo akaitambua sauti, ilikuwa yake mwenyewe, ndivyo alivyosoma yeye kwa miaka tisa, hata kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo kilikuwamo, na ndani ya kioo, juu ya bega lake, aliona kiti cha kushoto kimesogezwa karibu na cha mumewe, na mto wake umebonyea katikati, ukabonyea zaidi, kama unavyobonyea mto mtu anapojiweka sawa akiwa hana haraka ya kuondoka.

Hakupiga kelele. Wivu ulimfikia kabla ya hofu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye alipolifikiria.

"Kiti hicho kina mwenyewe," alisema.

Kusoma kukakoma. Printa nayo ikanyamaza. Harufu ya nywele ikamsogelea, ikasimama mbele ya uso wake, na sauti yake mwenyewe ikamjibu kwa upole, karibu na sikio.

"Ulikiacha."

Msanifu alimkuta nje, ameketi kwenye ngazi na glavu zake mkononi. Alimwona tangu mbali, akampungia mkono, akamwita kwa jina. Aliita kwa sauti laini, sauti ya mtu aliyefurahi kufika nyumbani. Jina aliloita ni lile.

Mama Joto alimwuliza ameitaje. Msanifu akashangaa, akasema amemwita yeye, angemwita nani mwingine hapo. Hakujua kabisa alichokitamka, na mkewe aliliona hilo usoni mwake, akangoja mpaka walipofika nyumbani na kula. Ndipo akamweleza yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alitegemea mumewe atabisha. Msanifu aliweka kijiko, akatazama sahani yake.

"Kila asubuhi nikianza kazi nakusikia ukinisomea," alisema. "Ukiwa pale pale kushoto. Nilidhani umerudi. Sikugeuka, nilihofia nikigeuka utaona haya uondoke."

"Na ulifurahi?"

"Nilifurahi sana."

"Ulifurahi naye."

"Nilifurahi na wewe, mke wangu."

"Mimi nilikuwa kwenye mashine ya joto. Miezi minane nimekupa mgongo, na hujageuka hata siku moja."

Mwanamke akaondoa sahani mezani akilia, na alilia kwa hasira zaidi kuliko hofu, maana ingekuwa nafuu kwake kusikia mumewe ameogopa.

Kesho yake Msanifu alilifuta jina. Alifuta kiolezo kizima, akachora kingine, akaandika tu "jina hapa" kama mafundi wavivu. Karatasi ikatoka na maneno hayo hayo, jina hapa. Mama Joto akaizungushia kikombe, akakitia kwenye mashine, wakasimama wote wawili wakisubiri. Mashine ikalia mara tatu. Rangi zilikuwa zimefunguka, na lililofunguka ni lile jina, jeusi, limekaa vizuri. Walijaribu mara ya pili, mara ya tatu, kisha Msanifu akaizima mashine na kuketi sakafuni. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Wifi ndiye aliyewapeleka kwa Bi Karani. Mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye ofisi ya vizazi na vifo, akiandika majina ya wanaoingia na wanaotoka, na alipostaafu watu wenye matatizo ya aina hii wakaanza kumfuata nyumbani, kwa sababu ilijulikana kwamba majini wengine walimheshimu kama watu wanavyomheshimu karani mwenye muhuri. Aliwapokea sebuleni kwake mchana kweupe, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, akawahoji kiofisi. Nani aliyelitunga jina. Lini. Limeitwa mara ngapi. Msanifu akajibu kila asubuhi kwa miezi minane.

"Na ulipoliandika, uliliandika kwa mkono tu au na moyo ulikuwamo?"

Msanifu akainamisha kichwa. Mama Joto akatazama ukutani.

"Basi," Bi Karani alisema. "Umetengeneza jina zuri, ukaliita kila siku, na hakuna mtu wa kuitika. Unadhani wao hawasikii? Yuko mmoja alikuwa anapita zake, hana jina wala pa kukaa, akasikia anaitwa vizuri. Akaitika. Ningekuwa mimi ningeitika pia."

Dawa yake haikuwa ya makuu. Jina lipewe kiumbe hai asiye na jina, naye aitwe kwalo mara tatu mbele ya ile mashine ikiwa moto, na yule yule aliyelitunga. Kiumbe akiitikia mara ya tatu, jina limepata mwenyewe, mgeni hana budi kutoka. Wifi akataja paka wa dukani, ambaye siku zote aliitwa paka tu. Bi Karani akasema paka anafaa sana. Kisha akavaa miwani na kumgeukia Mama Joto.

"Mwenye jina lake asiitikie. Sikia vizuri, mama. Akiitikia mtu mwenye jina lake, hamjamtoa mgeni, mmemletea mwenzake. Mtakuwa wake wenza kwa jina moja, na kila likiitwa, atakayewahi kuitika ndiye mke."

Mama Joto akasema amesikia.

Walifanya kesho yake adhuhuri, mlango umerudishwa, Bi Karani amesimama karibu na kaunta. Mashine ilikuwa imewashwa na joto lake lilifika usoni. Paka alijilaza chini ya meza, anajilamba. Kwenye kiti cha kushoto mto ulikuwa umebonyea. Wote waliuona.

Msanifu akapiga magoti, akaita. Sauti ilitoka kavu, ya mtu anayesoma tangazo. Paka aliendelea kujilamba.

"Siyo hivyo," Bi Karani alinong'ona. "Hiyo sikuihesabu. Mwite kama ulivyokuwa ukimwita."

Msanifu akafumba macho. Akaita, na safari hii ilikuwa ile sauti. Paka akaacha kujilamba. Harufu ya nywele ikapungua. Akaita mara ya pili, kwa upole zaidi, na paka akainua kichwa kumtazama, na mto wa kitini ukaanza kuinuka, polepole, katikati yake ikijaa hewa, kama mtu amenyanyuka nusu akisikiliza kama ni yeye anayeitwa au ni mwingine, na Bi Karani akainua kidole kimoja kuashiria bado mara moja tu, na Mama Joto, aliyekuwa amesimama nyuma ya mumewe na mikono yake imebana kingo za meza, akamtazama mwanamume huyo aliyemwita "wewe" na "sikia" na "hebu njoo" kwa miaka tisa, aliyemwita Mama Joto kama wateja, akamwona amepiga magoti sakafuni macho yamefumba, uso umelainika, anavuta pumzi ya kumwita mnyama kwa mapenzi ambayo yeye aliyasubiri mpaka akasahau kwamba anayasubiri, na akajua kwamba akinyamaza sasa hivi paka atakuja, na jina litakwenda na paka, na sauti ile itakwenda na jina, na haitasikika tena ndani ya nyumba yake mpaka kufa kwake.

Msanifu akaita mara ya tatu. Paka alikuwa ameshasimama, ameinua mguu.

"Abee," Mama Joto akaitika.

Paka akaketi tena. Msanifu akafumbua macho, akageuka, akamtazama mkewe kwa furaha ambayo hajawahi kumwonyesha. Bi Karani alivua miwani yake taratibu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nilikwambia nini?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kazi ikanyooka, hilo lazima lisemwe. Seremala alirudiana na mkewe, wifi alirudisha kiti chake ndani, programu ikajaza majina ya watu kama inavyotakiwa. Msanifu akaamua kwamba oda za wanandoa zitapangwa kwa mkono kama zamani, akamrudisha mkewe kwenye kiti cha kushoto. Asubuhi walikaa pamoja, yeye akisoma, mumewe akiandika. Na alimwita. Aliita kwa ajili ya maji, kwa ajili ya rangi, wakati mwingine kwa ajili ya kuita tu, na kila mara kwa sauti ile. Wifi naye akaanza kumwita hivyo bila kujijua, kisha wateja, kisha mama yake mzazi kwenye simu. Jina alilopewa alipozaliwa alijitamkia mwenyewe akiwa anaoga, na kila wiki lilimtoka kwa shida zaidi.

Watu walisema hawajawahi kuona mke anayempenda mume namna ile. Anaitwa mara moja tu, ameshaitika. Aliacha vikombe vikaungua kwenye mashine, aliitika na tonge mdomoni, aliamka usingizini akiitika. Hawakujua kwamba wiki ya kwanza alichelewa kidogo akasikia kiti cha kushoto, kilichokuwa kitupu, kikilia kama mtu anajiweka sawa juu yake. Hawakujua pia kwamba kila alipoitika, kifua kilimwuma, maana alijua sauti ile ilitengenezewa nani. Alikuwa amepata mapenzi yote ya mumewe na aliyaonea wivu kama ya mwanamke mwingine.

Adhuhuri moja alikuwa chumba cha nyuma anaosha vikombe, povu limefika viwikoni. Mumewe akaita kutoka mezani. Mama Joto akafungua mdomo, kisha akaufunga. Alitaka jambo moja dogo. Alitaka kujua, asipoitikia hilo, kama mumewe atajaribu lile jingine, lake, hata kwa kukasirika, hata mara moja. Akahesabu pumzi moja. Akahesabu ya pili.

"Abee," sauti yake mwenyewe ikaitika kule mbele.

Akamsikia Msanifu akicheka kidogo, akisema jambo kwa sauti ya chini ambalo halikufika huku nyuma. Kikombe kikamponyoka, akakimbia, povu likidondoka sakafuni, akiita abee, abee, mume wangu, nipo hapa, mpaka akafika mlangoni. Msanifu alikuwa anaandika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea mgongo wa kile kiti, na hakuondoa macho kwenye skrini.

"Umeshaitika, mke wangu," alimwambia kwa upole. "Mara moja inatosha."